Kwa Nini Pikipiki Iliyolala Hukataa Kuwaka

Watu wengi hudhani kwamba chombo kisichotumika hakiharibiki. Husema, "Pikipiki ile ni mpya kabisa, haijamaliza hata kilomita 3,000," kana kwamba kilomita peke yake ndizo zilazo chuma. Ukimwuliza mwenyewe imesimama tangu lini, atakujibu kuwa tangu mwaka juzi. Mimi kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitunza pikipiki ya shule yetu pamoja na kufundisha fizikia, na Mhariri ameniomba nieleze ni mambo gani yatokeayo ndani ya pikipiki wakati imesimama kimya chini ya turubai, na ni kazi gani ipasayo kufanywa ili iwake siku itakapohitajiwa.

Kwanza tuitazame pikipiki ya kijana wa bodaboda. Hiyo hailali. Hubeba abiria watatu wakati sheria yataka mmoja, hubeba magunia ya mkaa, hupita mashimo na madimbwi, na kwa siku moja pengine huenda kilomita 100. Hata hivyo asubuhi yake huwaka kwa teke moja. Yetu, ambayo huoshwa na kufunikwa, yaweza kupigwa teke mara arobaini isitoe hata kikohozi. Wanafunzi huniuliza sababu, na baadhi yao hudai kwamba ni uchawi wa stoo. Sababu ni kwamba chombo kifanyacho kazi kila siku hujisafisha chenyewe kwa kazi ile ile: petroli mpya hupita kila siku, oili hupanda na kulowesha kila chuma, betri hujazwa, unyevu hufukuzwa na joto. Tena mwenyewe husikia mara moja mlio uliobadilika. Chombo kilicholala hakina msikilizaji, na kasoro zake hukua zote pamoja kimya kimya.

Wala si kwamba pikipiki hizi ni dhaifu. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kutunzwa kwa nadra, hivyo wakaibuni injini ambayo valvu zake husukumwa na vyuma virefu badala ya mnyororo mwembamba uhitajio kukazwa mara kwa mara. Umbo la injini ile lilinakiliwa baadaye na viwanda vingi vya China, na nyingi katika pikipiki za Kichina tuzionazo barabarani leo ni wajukuu wake. Basi injini ni ngumu. Lakini ugumu wake ni wa kustahimili kazi, na petroli ikioza haijali jina lililoandikwa juu ya tangi.

Jambo hili si la shule tu. Wazazi wengi wana pikipiki ya namna hii nyumbani. Kijana amekwenda kufanya kazi mjini, akaacha pikipiki yake kwa wazazi. Au mzee amestaafu, miguu haina nguvu tena, naye hataki kuiuza. Husimama ukumbini miezi minne, mitano, na hukumbukwa siku mtoto amepandwa na homa usiku au mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Yaani pikipiki ipandwayo kwa nadra ndiyo mara nyingi iitwayo wakati wa shida kubwa, tena bila taarifa. Hapa shuleni ilitokea, kabla sijakabidhiwa pikipiki hii, kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili alishikwa na pumu saa nane za usiku. Zahanati iko kilomita tisa kutoka hapa. Mlinzi na mwalimu wa zamu walipiga kiki kwa zamu karibu nusu saa, mpaka mguu wa mwalimu ukavimba, na mwishowe kijana yule akapakiwa juu ya baiskeli ya mlinzi, mmoja akisukuma na mwingine akimshikilia. Alifika, akapewa dawa, akapona, na hivi sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake. Fundi alipoifungua kabureta kesho yake, kilichoziba kilikuwa kipande cha utandu ambacho hakikufikia ukubwa wa mbegu ya mchicha.

Tuanze basi na utandu huo, kwa kuwa petroli ndiyo mkosaji wa kwanza karibu kila mara.

Petroli si kitu kimoja kama maji yalivyo. Ni mchanganyiko wa mamia ya vimiminika vinavyofanana, vyote vya kaboni na hidrojeni, na kila kimoja huchemka kwa joto lake. Vile vilivyo vyepesi ndivyo vianzavyo kugeuka mvuke, navyo ndivyo viwakavyo kwa urahisi injini ikiwa baridi. Petroli ikikaa miezi, vile vyepesi huondoka kwanza, hubaki vizito visivyotaka kushika moto. Wakati huo huo oksijeni ya hewa huungana polepole na baadhi ya vilivyobaki na kuvigeuza kuwa kitu kama gundi, chenye rangi ya chai ya rangi na harufu kama ya vanishi ya seremala. Joto huharakisha kazi hiyo, na stoo yetu yenye bati jekundu ina joto la kutosha.

Ndani ya tangi lililojaa petroli huharibika taratibu, kwa maana ni nyingi na hewa ni kidogo. Balaa liko katika kabureta. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo linalobeba vijiko vichache tu vya petroli, na boya linaloelea humo kama boya la tangi la maji ya chooni, likifunga njia bakuli linapojaa. Bakuli hilo lina tundu la kupumulia. Basi petroli kidogo, hewa wazi, joto: mwezi mmoja au miwili mara nyingi hutosha kuikausha iache gundi chini. Na petroli ya kuwashia injini hupita katika tundu la jeti ndogo ambalo upana wake haufiki nusu milimita. Chukua unywele wako, uweke juu ya rula, nawe utaelewa ni uchafu kiasi gani utoshao kuliziba. Kaburi la pikipiki nyingi limechimbwa hapo.

Dawa yake haina gharama. Pikipiki itakayosimama zaidi ya majuma matatu, funga koki ya petroli, kisha legeza skurubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na uikinge petroli itokayo kwa kopo. Bakuli likiwa kavu, hakuna cha kuganda. Wengine hufunga koki na kuiacha injini iendelee kuunguruma mpaka izime yenyewe. Hiyo ni nzuri kuliko kuacha, walakini hubakisha kidogo chini, kwa hiyo mimi hulegeza skurubu. Tangi lenyewe ama lijae kabisa ama liwe tupu na kavu. Tangi nusu ndilo baya, kwa kuwa ile nusu ya juu ina hewa yenye unyevu. Usiku bati la tangi hupoa, unyevu hugeuka matone, na chuma kitupu hushika kutu. Kutu hiyo huteremka pamoja na petroli na kufuata njia ile ile ya jeti. Maji nayo ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, mahali koki inyonyapo.

Katika nchi nyingine kuna shida zaidi. Huko Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huwa na alkoholi hadi asilimia 10, na Brazil huweka zaidi ya hapo. Alkoholi hupenda maji. Huyavuta kutoka hewani. Msomaji aliye na ndugu huko atasikia malalamiko haya haya, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Kabla sijaendelea nina onyo kwa wanafunzi, na wazazi nao wasiliruke. Petroli isinyonywe kwa mdomo kwa mpira. Nimeona jambo hili likifanywa kila mahali kana kwamba ni maji ya kisima. Tone likiingia mapafuni laweza kuleta ugonjwa mkubwa wa kifua, na laweza kuua. Fungua mpira wa petroli upande wa kabureta, uushushe katika kopo, ufungue koki. Petroli itateremka yenyewe bila kuombwa. Wala isitiwe katika chupa ya maji ya kunywa, kwa kuwa mtoto hasomi harufu. Na kazi yote ya petroli ifanywe nje, mchana, mbali na jiko na koroboi.

Sasa nafika penye ubishi. Karibu kila mtu niliyezungumza naye, hata mafundi wengine, hushauri kwamba pikipiki isiyopandwa iwashwe kila Jumapili kwa dakika tano "ili injini isilale." Mwalimu mwenzangu mmoja hulishika shauri hili kama kanuni ya dini. Mimi nalikataa, na sababu yangu ni hesabu ya kemia ambayo kidato cha nne waweza kuikagua.

Tuchukue oktani iwe mfano wa petroli. Molekuli moja ina kaboni 8 na hidrojeni 18. Ikiungua, zile hidrojeni 18 hufanya molekuli 9 za maji. Uzito wa oktani ni 114, na wa maji yale ni 9 mara 18, yaani 162. Basi gramu 114 za petroli hutoa gramu 162 za maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740. Piga hesabu, utapata gramu 1,050 za maji, yaani lita moja na zaidi kidogo. Kila kikombe cha petroli kiunguacho hutoa kikombe cha maji. Wanafunzi hucheka niwaambiapo, mpaka niwaonyeshe matone yadondokayo mdomoni mwa bomba la moshi asubuhi yenye baridi.

Injini ikiwa ya moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke nasi hatuyaoni. Lakini katika dakika tano bomba la moshi halijapata moto urefu wake wote, na oili iliyo chini haijakaribia joto la kuchemsha maji. Kwa hiyo maji hubaki. Sehemu yake hulala katika bomba na kulila kwa ndani. Ndiyo maana mabomba ya pikipiki zilizolala hutoboka upande wa chini, penye dimbwi. Sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia katika oili, pamoja na tindikali kidogo zitokanazo na moshi. Ukifungua kifuniko cha oili cha injini iwashwayo kila Jumapili bila kwenda popote, mara nyingi utakuta ute kama maziwa yaliyoganda. Kadhalika betri: swichi ya kuwashia hula umeme mwingi kwa sekunde chache, na injini ikiunguruma pole pole hairudishi ulioliwa. Kila Jumapili betri hupungua, mwenyewe akidhani anaijaza.

Basi kama utaiwasha, ipande. Iende kilomita 15 au 20 bila kusimama, mpaka ukiweka mkono karibu na injini usiweze kuuacha. Mara moja kila majuma mawili au matatu yatosha kabisa. Na kama huwezi kuipanda, iache imelala, ila ilazwe vizuri. Mwenzangu yule hajakubali bado, lakini safari hii amenyamaza kidogo kuliko zamani.

Kuilaza vizuri ni hivi. Siku ya mwisho ipande mpaka injini iwe moto, kisha mwaga oili ya zamani ingali moto na utie mpya. Usiseme utabadilisha utakaporudi, kwa kuwa oili iliyotumika ina zile tindikali, na vyuma havifai kuoga humo miezi minne. Injini nyingi za ukubwa huu huchukua karibu lita moja. Oili yenyewe iwe ya pikipiki. Katika pikipiki hizi klachi huogelea katika oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya utelezi ambayo huifanya klachi iteleze. Wajapani waliweka kipimo cha jambo hili mwaka 1998. Tazama kopo lako, ukiona herufi JASO MA, hiyo ndiyo. Kisha fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi katika tundu lake, sukuma kiki kwa mkono mara chache ili oili itande kwenye kuta za silinda, urudishe plagi. Mwishowe sukuma kiki taratibu mpaka uhisi inakuwa nzito, uache hapo. Uzito ule maana yake pistoni imeanza kubana hewa, na wakati huo valvu zote mbili zimefungwa. Unyevu wa nje haupati mlango. Naipenda sana hila hii, kwa kuwa haina gharama hata ya senti moja, na yaonyesha faida ya kujua kitu kinafanyaje kazi.

Betri yahitaji maneno machache zaidi. Betri ya namna hii, ya risasi na tindikali, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na asili yake haijabadilika. Ya pikipiki ina vyumba sita, kila kimoja volti mbili na kidogo, hivi kwamba ikijaa na kupumzika hufika volti 12.7 hivi. Betri hujimaliza yenyewe hata isipoguswa, na kwenye joto hujimaliza upesi zaidi. Inapopungua, mabamba yake hupakwa salfeti ya risasi. Salfeti hiyo ikiwa changa hurudi zake betri ikichajiwa, lakini ikiachwa miezi hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na betri hiyo haiponi hata ikichajiwa mwaka mzima. Watu husema betri zao "zimekufa kwa uzee" ambapo zimekufa kwa njaa.

Kwa hiyo iondoe. Fungua kwanza waya wa hasi, ndipo wa chanya. Iweke mahali pa baridi, ipime kila mwezi kwa mita ya volti. Ikishuka hadi 12.4 ichaji. Umeme wa kuichajia usizidi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani betri ya ampea-saa 7 ipewe ampea 0.7 tu, na saa zake ziwe kumi na zaidi kidogo. Chaja kubwa ya lori itaichemsha. Kama ni betri yenye vifuniko, na maji yamepungua, ongeza maji yaliyotoneshwa peke yake, kamwe usiongeze tindikali. Tena betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi ile ile tuilipuayo maabara katika kineli cha majaribio, kwa hiyo madirisha yawe wazi na asiwepo mvuta sigara.

Hata hapa nimesema juu ya kuwaka tu. Pikipiki isiyowaka hukuacha nyumbani, na nyumbani hapana hatari. Pikipiki inayowaka lakini haisimami ndiyo mbaya, na hii husahauliwa kwa sababu ya furaha ya kusikia injini ikinguruma baada ya miezi mingi.

Breki za ngoma, zilizo katika pikipiki nyingi za bei nafuu, hutanuliwa na chuma kidogo kinachozunguka ndani ya gurudumu. Chuma hicho kisipozunguka muda mrefu, kutu hukishika. Hapo mambo mawili yaweza kutokea: ama breki haishiki, ama hushika na isirudi, gurudumu likafungwa katikati ya mwendo. Ya pili ndiyo imwangushayo mtu. Kuijua ni rahisi. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono, kanyaga breki, achia, lizungushe tena. Likienda kwa uzito baada ya kuachia, lifunguliwe, chuma kile kisuguliwe na kutiwa grisi kidogo sana, wala grisi isiguse utando wa breki.

Breki za sahani hutumia mafuta maalumu, na mafuta hayo huvuta maji kutoka hewani hata kama pikipiki haiendi. Yale yaitwayo DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za sentigredi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hushuka hadi 155. Mafuta yakichemka kwenye mteremko mrefu hugeuka mvuke, na mvuke hubanika, kwa hiyo mkono wa breki hufika mwisho bila kitu. Hubadilishwa kila miaka miwili, iwe imekwenda kilomita 20,000 au 200. Na mtu asiongeze oili ya injini humo kwa kuwa "yote ni mafuta". Mipira ya ndani itavimba na breki itakufa kabisa.

Matairi nayo huzeeka yakiwa yamesimama. Upepo hupungua polepole, pikipiki hukaa siku zote juu ya sehemu ile ile, mpira huvunjika nyuzi. Isimamishe kwa stendi ya katikati, na chini ya injini weka gogo ili gurudumu la mbele nalo lielee. Ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Zikiwa 3519, tairi limetengenezwa juma la 35 la mwaka 2019. Wengi hutazama meno ya tairi tu, wakasema bado jipya, ambapo ubavuni lina mipasuko kama udongo wa jaruba wakati wa kiangazi.

Mnyororo sitauelezea sana. Usafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa, upake oili nzito, uangalie usilegee kuliko kitabu cha pikipiki kisemavyo. Kwa nyingi ndogo mchezo wake ni kati ya milimita 20 na 30. Lakini usiusafishe kamwe injini ikiwa inazunguka na gia imeingia. Kitambaa hunaswa, na vidole hukifuata.

Kuna maadui wengine ambao vitabu vya Wajapani haviwataji. Nyigu wa udongo hupenda tundu jembamba kuliko kitu chochote. Nimewakuta wamejenga ndani ya mdomo wa bomba la moshi, na safari moja ndani ya kijitundu cha kifuniko cha tangi. Hicho ndicho cha kukupumbaza: tundu lile huingiza hewa tangini kadiri petroli itokavyo, likizibwa, pikipiki huwaka vizuri, huenda kilomita mbili tatu, kisha huzimika kama iliyoishiwa. Ukifungua kifuniko ili utazame petroli hewa huingia, nayo huwaka tena, nawe huelewi kitu. Panya nao hutaga vitambaa katika kisanduku cha chujio la hewa na kutafuna nyaya. Mimi hufunga mdomo wa bomba kwa kitambaa chekundu kirefu kinachoning'inia, ili asiwepo wa kukisahau. Turubai la kufunikia liwe la kitambaa. La nailoni likigusa chini hufungia jasho la ardhi, nawe umeijengea kutu nyumba.

Siku ya kuiamsha usianze na kiki. Anza na macho. Toa kitambaa cha bomba, tazama chini kama kuna oili iliyovuja, jaza upepo, jaribu breki zote mbili kwa kuisukuma kwa mkono. Mwaga petroli kidogo ya tangini katika chupa ya kioo ya maabara uitazame juani: ikiwa na rangi ya chai ya rangi, au matone ya maji chini, usiitie injini. Fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae. Tia gia ya pili, kamata klachi, isukume mbele na nyuma; sahani za klachi zilizogandana zitaachana, na hutarushwa kama farasi siku ya kwanza. Ndipo upige kiki. Isipowaka baada ya mara kumi, acha. Fungua plagi: ikiwa kavu, petroli haifiki, na jeti ndiyo ya kutazamwa, ikiwa imelowa, petroli yafika, tatizo ni cheche. Jeti husafishwa kwa upepo wa pampu na petroli safi. Isichokonolewe kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli kama mlevi mpaka jeti mpya inunuliwe. Ikiwaka, iendeshe taratibu uwanjani kwanza, ushike breki mara tano sita ili kutu ya juu ifutike, ndipo utoke barabarani na kofia ngumu kichwani.

Pikipiki ya shule husimama katika stoo iliyo nyuma ya karakana ya useremala. Jumamosi ya kwanza ya kila muhula, saa tatu asubuhi, huifungua kabureta na kuipima betri, nayo huandikwa katika daftari lililotundikwa ukutani pamoja na kilomita na jina la aliyefanya kazi. Mwanafunzi atakaye kuona aje, hata wa kidato cha kwanza, ila avae nguo kuukuu. Mzazi aliyekuja kuleta mtoto siku hiyo naye anakaribishwa, na kama amekuja na pikipiki iliyolala muda mrefu, tutaitazama baada ya ile ya shule.